Gogo Ndani ya Kasha la Stamata

Watu wa mjini wakija kutazama magofu ya Kalidona hupanda hadi kijijini kwetu kunywa kahawa, na hakosi mmoja wa kuniuliza kama ni kweli kulikuwa na mama aliyefungia gogo la kuni ndani ya kasha miaka thelathini. Huwa namwambia kahawa yake inapoa. Sipendi Stamata afanywe kichekesho na watu waliokuja na basi la saa nne na watakaoondoka na basi la saa tisa. Leo nasema kwa sababu nimeshakuwa bibi kizee, na kwa sababu ndani ya habari ile kuna dhambi yangu mimi ambayo hata padri hajaisikia.

Jina langu ni Garufalia. Mimi na mume wangu Pandelis ndio wenye mkahawa wa uwanjani, mkabala na kanisa. Stamata alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na mwanawe Meletis nilimshika mimi siku ya ubatizo. Kwa hiyo ni mwanangu mbele ya Mungu, apende asipende.

Stamata hakuwa mtu wa ajabu, hilo lieleweke kwanza. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mkali kwa mbuzi na mpole kwa watoto. Jibini lake lilizidi chumvi siku zote, na ukimwambia anakujibu kwamba ulimi wako ndio mbovu. Baba yao aliangukiwa na mti Stamata akiwa na miaka mitano, mama akafuata mwaka huohuo. Aliyemlea ni kaka yake Thimios, naye alikuwa na miaka kumi na mitano tu. Aliacha shule, akachunga mbuzi wa watu ili dada yake ale. Asubuhi alimsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya mno, kisha akamsindikiza mpaka mlango wa shule, na mvulana aliyethubutu kucheka alirudi kwao na pua inayovuja damu. Thimios aliapa hataoa mpaka amwoze dada yake kwanza. Alipomwoza, mimi nilikuwa bado namsubiri, lakini baba yangu alikuwa ameshachoka kusubiri, akanipa kwa Pandelis. Pandelis ni mtu mwema, sina la kulalamika.

Meletis alizaliwa Februari moja yenye theluji ya magotini. Baba yake, Lambros, alikuwa dereva wa lori na siku hizo alikuwa amekwama kaskazini. Kwetu, siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, giza likiingia, huja Wagawaji. Ni wanawake watatu, ndugu wa tumbo moja, na kazi yao ni kumgawia mtoto fungu lake la maisha. Unafagia nyumba, unamfunga mbwa, unaacha mlango bila komeo, na karibu na meko unaweka meza ndogo yenye sahani tatu. Kila sahani iwe na kipande cha mkate, kijiko cha asali na lozi moja iliyomenywa. Halafu watu wanalala, au wanajifanya wamelala.

Meza ile niliandaa mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa na njaa isiyokwisha. Nilimenya lozi tatu, nikaila moja. Nilijiambia kwamba wageni wenyewe hawajapata kuonekana na mtu, na kwamba gunia la lozi liko darini na ngazi ina barafu. Nikaisogeza sahani ya tatu nyuma ya mkate, nikaenda kwangu kulala.

Asubuhi nilimkuta Stamata amekaa sakafuni, nguo ya kulalia imelowa mpaka kiunoni. Mapajani alikuwa na gogo la mwaloni, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, upande mmoja umeungua. Beseni la kumwogeshea mtoto lilikuwa limejaa maji meusi. Mtoto alikuwa amelala zake.

"Funga mlango," akaniambia.

"Umefanya nini, shoga? Utakufa na baridi."

"Walikuja. Wawili walikuwa na furaha. Mmoja akasema atakuwa mzuri wa sura, mwingine akasema hatamwogopa mtu. Wa tatu alikuwa anapapasa meza. Anapapasa tu, kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Kisha akageukia moto akasema, 'Ataishi mpaka gogo lile liishe kuungua.' Nikaruka kitandani nikalitoa."

"Hiyo ni homa ya uzazi."

"Itazame asali."

Nikaitazama. Sahani mbili zilikuwa na alama za vidole, vyembamba kuliko vya mtoto wa kike wa miaka saba, na lozi zake hazikuwepo. Sahani ya tatu haikuwa imeguswa. Nilitaka kumwambia pale pale. Badala yake nikaanza kuziondoa sahani kwa haraka, na Stamata akadhani nimeshtushwa na habari zake. Akanishika mkono akaniapisha kwamba siri ile itabaki kati yetu wawili. Niliapa haraka mno.

Gogo alilikausha juani, akalizungusha kitambaa cha kwanza cha mtoto, akalilaza chini kabisa kwenye kasha la mahari yake, chini ya mashuka. Ufunguo akautundika shingoni pamoja na msalaba. Tangu siku hiyo hakulala nje ya kijiji hata usiku mmoja. Harusi za watu, mazishi, hospitali, alikwenda na kurudi kabla jua halijazama. Lambros alipopinduka na lori lake, Meletis akiwa na miaka minne, Stamata alimzika mchana na jioni alikuwa amekaa juu ya kasha huku anachambua dengu. Kuni za meko yake alizibeba mwenyewe na kuzikagua moja moja. Ukijaribu kumsaidia kuweka kuni motoni, anakupiga kikofi mkononi, hata uwe mgeni.

Vijana wa mkahawani walijua ana kitu, hawakujua ni nini.

"Shangazi Stamata, umeficha dhahabu za Waturuki humo?"

"Nimeficha akili zako. Mama yako alinipa nimtunzie mpaka ukue."

Mwaka ambao moto wa msituni ulishuka hadi kwenye makaburi, tulipakiwa kwenye mapikapu pamoja na kuku na picha za watakatifu. Stamata alipanda akiwa amekumbatia kitu ndani ya gauni lake. Thimios akamwangalia tumbo. "Dada, hiyo mimba ni ya lini? Mumeo ana miaka kumi na mmoja kaburini." Stamata akamjibu, "Inapiga mateke, usiisogelee." Tulicheka njia nzima, moto uko nyuma yetu. Mimi peke yangu niliona jinsi alivyokuwa akitetemeka kila cheche ilipopita juu ya pikapu.

Sitaki kusema niliamini. Mimi ni mtu wa kuuza kahawa, naamini ninachokishika. Lakini nilishika. Meletis alipopata surua Stamata aliniita, akanifungulia kasha, nikaweka kiganja juu ya gogo. Lilikuwa na joto la mkate uliotoka kwenye tanuri. Alipokuwa jeshini mpakani, mvua haijanyesha kwetu mwezi mzima, tulilikuta limelowa na linanuka tope la mto. Baada ya wiki mbili barua yake ikafika, anasema kwa mzaha kwamba alitumbukia majini akiwa kwenye doria, wenzake wakamvuta kwa mkanda. Stamata hakuisoma mpaka mwisho. Aliikunja akasema, "Hili nalijua."

Kulikuwa na mwalimu, Anestis, kijana wa mjini aliyependa sana magofu. Siku moja alikuwa ananihadithia mimi na Pandelis mkahawani, na Stamata akaingia na bati la jibini. Anestis alikuwa anasema kwamba hapo chini, kwenye yale mawe, zamani palikuwa na mfalme aliyesahau kuitolea sadaka miungu, ikamletea nguruwe mwitu mkubwa wa kula mashamba. Mwana wa mfalme ndiye aliyemwua. Na huyo mwana, uhai wake ulikuwa ndani ya gogo ambalo mama yake alilinyakua motoni siku aliyogawiwa fungu lake.

Stamata akaliweka bati chini. "Na huyo mama alifanya nini?"

"Mwanawe aligombana na wajomba zake, ngozi ya nguruwe apewe nani. Akawaua. Basi mama akalirudisha gogo motoni."

"Halafu?"

"Halafu akajinyonga."

"Mwongo wewe. Hakuna mama wa namna hiyo."

"Sijaitunga mimi. Ina miaka elfu tatu hiyo."

"Basi imedanganya watu miaka elfu tatu." Akatoka, bati la jibini kaliacha katikati ya njia, na Anestis akanitazama mimi kana kwamba nimefanya kosa. Nilimwambia aache kujaza watu upuuzi, kwa ukali kuliko alivyostahili.

Jioni hiyo Stamata alimkataza mwanawe kuwinda nguruwe. Meletis alikuwa na miaka ishirini na minane, mrefu, mzuri wa sura kama alivyogawiwa, na tangu utotoni alikuwa hajui kuogopa. Alimbusu mama yake utosini. "Niwinde nini, mama? Konokono?" Kwetu mwanamume asiyepanda na kundi la wawindaji msimu ukifunguliwa hana cha kuongea mkahawani mpaka Pasaka. Na kundi lenyewe liliongozwa na mjomba wake Thimios.

Miaka mitatu ikapita hivyo, kila Jumapili ya msimu Stamata amekaa juu ya kasha mpaka asikie mbwa wakirudi. Kisha akaja Thodora. Alikuwa binti wa mlinzi wa misitu kutoka milimani, ana kibali chake cha bunduki na mbwa wake mwenyewe, na shabaha ya kuwafanya wanaume wakohoe kwa aibu. Meletis alipomleta nyumbani kula, Stamata alimlisha vizuri. Kesho yake akaniita. Kwenye upande usioungua wa gogo, mti uliokatwa miaka thelathini na mmoja nyuma, kulikuwa kumechipua jani. Lilikuwa moja, laini, la kijani cha masika, ndani ya kasha lenye giza.

"Anampenda," Stamata akasema.

"Ni jambo jema."

"Ni jambo jema," akarudia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia hatua nyuma yake.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa Januari. Kulikuwa na dume moja la nguruwe ambalo Thimios alikuwa amelifukuzia misimu mitatu. Lilikuwa limemwulia mbwa wawili na kumharibia shamba la mahindi, na usiku, wanasema, lilikuja kujikuna kwenye ukuta wa nyumba yake. Siku hiyo waliliua. Damu ya kwanza aliitoa Thodora, nyuma ya sikio, na Meletis akalimaliza. Sheria ya wawindaji wetu kila mtu anaijua: nyama inagawanywa mafungu sawa, lakini kichwa na ngozi ni vya aliyetoa damu ya kwanza. Hakuna aliyepata kubishana juu ya hilo, kwa sababu hakukuwa na mwanamke aliyepata kutoa damu ya kwanza.

Walilishusha uwanjani kwenye pikapu watu wakitoka kanisani. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Thimios akakikata kichwa, akakibeba begani, akaanza kwenda kwake.

"Mjomba," Meletis akaita, "hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Nililifuata hili miaka mitatu. Hakitundikwi kwenye ukuta wa mwanamke."

Thodora akasema, "Mzee Thimios, kichukue tu. Kwetu ukuta wenyewe ni mdogo." Alisema kwa upole, na ingeishia pale, watu walikuwa wameshaanza kucheka.

"Sikichukui kwa ruhusa yako, binti," Thimios akasema, na akamsukuma kifuani.

"Mwombe radhi," Meletis akasema.

"Nilimbeba mama yako mgongoni wewe hujawa hata wazo. Wewe ndiye wa kuniambia niombe radhi?"

"Kwa hilo nakuheshimu. Mwombe radhi."

Thimios akamtemea mate miguuni Thodora. Meletis akageuza bunduki akampiga kwa kitako, pigo moja la begani, la kumwangusha tu, siku zote nitaapa kwamba lilikuwa la kumwangusha tu. Lakini Thimios alikuwa na miaka sitini na miwili na mzigo begani. Alianguka kinyumenyume, kisogo kikatua kwenye ukingo wa jiwe wa kisima. Nilisikia mlio wake. Meletis alikaa chini, akakipakata kichwa cha mjomba wake mpaka polisi wakapanda kutoka bondeni, na maneno yake yalikuwa hayohayo: "Mjomba, amka. Amka uchukue kichwa."

Thimios hakuwa na mke, kwa hiyo tulimlaza kwa dada yake. Mimi na wanawake wengine sita tulimwosha kwa divai, tukamvika, tukamweka katikati ya chumba, miguu ikielekea mlangoni. Kwetu nyumba yenye maiti haiwashi moto. Majirani huleta chakula, na baridi mnaivumilia pamoja naye. Meko ya Stamata yalikuwa yamezimwa tangu adhuhuri, na pumzi zetu tuliziona.

Stamata alikaa upande wa kichwa cha kaka yake, akifuata kwa kidole ndevu zake. Halafu akaanza kuomboleza, kwa sauti ya chini, na sisi tukapokea:

"Kaka uliyenisuka, nani atanishika nywele?
Ulinibeba mgongoni, mimi nikubebe wapi?
Nilizaa kwa uchungu mkono uliokuangusha,
nitaurudisha mkono huo ulikotoka."

Akasimama. Alivua ufunguo shingoni, akaenda chumba cha pili, na nikasikia kifuniko cha kasha. Aliporudi, alikuwa nalo, bila kitambaa. Jani lilikuwa bado lipo. Akapiga magoti mbele ya meko, akapanga vijiti, akawasha kiberiti.

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Stamata, maiti yumo ndani, dada." Mwingine akasema tumwache, uchungu umempanda kichwani, anaona baridi. Waliona mwanamke anavunja mwiko. Mimi peke yangu nilijua anaua mtu, na mtu huyo yuko kwenye selo ya kituo cha polisi, bondeni, mwendo wa dakika arobaini kwa gari.

Na hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilikuwa karibu naye kuliko yeyote, ningeweza kunyoosha mkono. Nilimtazama Thimios na ile shingo yake niliyoitamani nikiwa na miaka kumi na saba, imefungwa kwa kitambaa ili kidevu kisianguke, na nikanyamaza. Nilitaka liungue. Mtoto niliyemshika ubatizoni, niliyemharibia fungu lake kwa ulafi wa lozi moja, nilitaka aungue yeye, kwa sababu moyo ulikuwa unaniuma na nilihitaji mtu wa kulipa.

Akaliweka. Mti wa miaka thelathini na mmoja ulishika moto papo hapo. Haukutoa moshi. Jani lilijikunja, na gogo likaanza kupumua. Sijui niseme nini kingine, lilikuwa linavuta pumzi na kuitoa, haraka haraka, kama mtoto mwenye kifua. Wanawake wakaacha kuomboleza. Mmoja wao akauliza, taratibu, "Nani analia?" Stamata alikuwa amepiga magoti, macho makavu, anahesabu kwa midomo.

Nusu ilikuwa imekwisha nilipoona gauni lake jeusi limelowa kifuani. Madoa mawili, yanapanuka. Naye akayaona. Alijigusa, akatazama vidole vyake, akavinusa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na maziwa yalikuwa yanamtoka, yanatiririka mpaka tumboni, yanadondoka kwenye jiwe la meko.

Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Akaingiza mikono yote miwili ndani ya moto.

Hakutumia koleo wala upindo wa gauni. Lilikuwa limeshakuwa kaa, na alilikumbatia hivyohivyo, akalibana kwenye yale maziwa mpaka likazima. Tulipombandua mikono, sehemu ya ngozi ilibaki kwenye mti. Kilichobaki cha gogo kilikuwa sawa na kipande kikavu cha mkate, kinatosha kiganja kimoja.

Simu iko mkahawani kwetu. Pandelis alikuja mbio kusema polisi wamepiga. Meletis alikuwa ameanguka katika selo, mwili umewaka hata askari hakuweza kumshika, ngozi ya ubavu wa kushoto imefanya malengelenge na hapakuwa na moto mle. Daktari alikuwa ameshakata tamaa. Halafu, dakika ileile Stamata alipolitoa gogo motoni, homa ikashuka na akaomba maji. "Wanauliza," Pandelis akasema, "kama kwao kuna ugonjwa wa namna hiyo." Alimtazama Stamata aliyelala sakafuni na mikono yake, akavua koti akamfunika.

Mahakama ilimpa miaka saba, akatumikia minne. Thodora alimsubiri mwaka mmoja, kisha akahamia mji wa Ioanina akaolewa na daktari wa mifugo, na sina la kumlaumu. Mikono ya Stamata ilipona vibaya. Vidole viliganda vikiwa vimefunguka nusu, hawezi kukunja wala kunyoosha. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo, nikamchana nywele, nikamlisha kwa kijiko miezi ile ya mwanzo. Hakwenda gerezani kumwona mwanawe hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini.

"Ataniuliza," akasema.

"Basi mjibu."

"Ungemjibu nini wewe?"

Hapo nilimwambia habari ya lozi. Miaka yote ile, na niliisema nikiwa nimeshika kijiko cha supu. Alitafuna, akameza. "Nilijua," akasema. "Nilizitazama sahani asubuhi ile ile, na kwenye ya tatu hapakuwa na lozi tangu mwanzo. Nilikuwa nangoja useme." Akafungua mdomo kwa kijiko kingine. Nililia mpaka supu ikapoa, na yeye akaniambia niipashe.

Meletis alirudi mwezi wa Mei, saa sita mchana, bila kutuarifu. Nilikuwa kwa Stamata, maharage yako motoni. Kivuli kikaingia mlangoni nikadhani ni mzee fulani wa kijiji cha jirani. Alikuwa na miaka thelathini na mitano na nywele nyeupe, ameinamia upande wa kushoto. Alimbusu mama yake utosini, akanibusu mimi, akakaa kwenye kigoda karibu na meko. Maharage yalichemka.

"Nilikuona," akasema hatimaye. "Mle ndani ya selo. Uso wako ulikuwa juu yangu na moto uko kati yetu. Ulikuwa unahesabu."

"Nilikuwa nahesabu," Stamata akasema.

"Ulikuwa unachoma nini, mama?"

Aliinamisha kichwa ili niuvue ufunguo shingoni. Nikafungua kasha, nikampa Meletis kile kipande, nikamweleza yote, Wagawaji, asali na lozi yangu, kwa sababu mama yake asingeweza. Hakucheka. Alikipima kiganjani, akakigeuza. Nikaona akiutazama moto, kisha kipande, kisha moto tena.

"Ulipoanza, ulitaka nife?"

"Ndiyo," Stamata akasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nusu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa umbali wa safari. Kisha akanyoosha mkono akakiweka kile kipande kwenye mapaja ya mama yake.

"Kaa nacho."

"Mimi?" Stamata alikitazama kana kwamba bado kina moto. "Baada ya yale? Kichukue, mwanangu. Ni chako. Nenda nacho mbali na mimi."

"Niende nacho wapi? Nikae nacho mimi, siku nikilewa au nikimkumbuka mjomba nitakitupa. Nimpe mwanamke, sijui ana hasira za kiasi gani. Wewe umeshajaribu, mama, ukashindwa. Wengine wote bado."

Stamata alijaribu kukishika, vidole havikukunja, kikateleza. Meletis akapiga magoti mbele yake na ule ubavu wake mbovu, akakiokota, akakiweka tena kiganjani mwake, kisha akaanza kuvikunja vile vidole juu yake, kimoja kimoja, kwa nguvu, mpaka mama yake akalia kwa maumivu, na hakuacha.